Toa Bata, Lete Kilichobaki

Ikifika tarehe 25 mimi siishi, nalengwa. Meseji ya mshahara haijaingia vizuri, ya shemeji imeshatangulia: "Kaka mkubwa, umetupotea sana." Mtu akikwambia umepotea tarehe 25, ujue ameshakuona. Anauliza afya, anauliza watoto, anauliza mpaka paka. Hapo bado anapima masafa. Halafu sasa: "Samahani kaka, nimekwama kidogo." Puu! Nimeshapigwa mzinga.

Tena tuelewane. Elfu mbili ya bodaboda hicho ni kizinga tu, unaweza kuinama kikapita. Kodi ya chumba ya miezi mitatu, huo ndio mzinga wenyewe, unabomoa mpaka hela ya gesi.

Mwaka 1896 Waingereza walilitwanga kasri la Sultani wa Zanzibar kwa mizinga, na vita vikaisha haijatimia hata saa moja. Nawaonea wivu. Mimi natwangwa mpaka mwezi unaandama. Rais mgeni akija anapigiwa mizinga 21, amesimama juu ya zulia, bendi inapuliza. Mimi napigwa nimesimama kwenye daladala, na hakuna anayenipigia saluti.

Niliyekuwa namwamini ni mjomba, mfuga nyuki wa Sikonge kule Tabora. Hajawahi kuomba mtu. Juzi kapiga.

"Mjomba, hii mizinga ya magome inatumalizia miti. Wenzetu wanaweka ya mbao."

"Vizuri, mjomba."

"Ndio hivyo. Nimekwama kidogo."

Kwa hiyo nimepigwa mzinga wa kununulia mizinga. Nikamwuliza asali lini. Akasema tutulie kwanza, mpaka nyuki wenyewe wakubali kuhamia.

Mama watoto naye kasikia wapi sijui, Krismasi hii anataka bata mzinga. Nikaenda kumtazama kwa jirani. Dume limejitutumua manyoya yote, ile nyama inayoning'inia juu ya mdomo imeiva nyekundu, linanikoromea kama mimi ndiye ninayedaiwa. Nikatajiwa bei, nikabaki namtazama ndege. Kwanza bata gani huyu haogelei? Risasi hana, asali hana. Kwao ni Marekani, lakini Waingereza wanamwita Uturuki, Waturuki wenyewe wamemkana wanamwita India, Wareno wanamwita Peru. Kila taifa linamsukumia mwenzake, mwisho kaja kuangukia mfuko wangu.

Nikasema basi, nikamtafute wa vipande supamaketi. Kwenye friji nikakuta soseji za bata mzinga, na bekoni ya bata mzinga. Bekoni! Nguruwe hayumo, bata hayumo, kilichomo ni bei. Nikairudisha taratibu, mlinzi asije akadhani naiba.

Wakati huohuo baba mkwe ametangaza kwamba sikukuu anakuja kula kwetu. Nikampigia kwa adabu zote, shikamoo mzee, marahaba, tukuandalie nini.

"Msijisumbue mwanangu. Mzinga tu unatosha."

Moyo ukapasuka. Nikaona hata mzee wameshamweka sawa na binti yake. Nikajikaza kiume, nikamwambia sawa mzee, bata mzinga atakuwepo, hata ikibidi nikope.

Kimya. Nikasikia anakohoa, anasogea mbali na mama mkwe.

"Mwanangu," akanong'ona, "toa bata. Lete kilichobaki, na hakikisha kizibo hakijafunguliwa."