Mvinyo Usioogopa Joto

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, sisi tunaopenda mvinyo huulizana swali lile lile: ukijaliwa kuonja chupa moja tu ya nadra mwakani, utachagua ipi? Majibu huwa hayatofautiani sana. Hakosekani anayetaka Château d'Yquem ya zamani, ule mvinyo mtamu wa Ufaransa, na wengi hutaja Romanée-Conti. Kwa miaka kadhaa nami nilitaja Romanée-Conti, na nakiri kwamba nililitaja jina hilo zaidi kwa sababu humfanya msikilizaji atikise kichwa kwa heshima. Safari hii nimebadili jibu. Ninachokitamani ni glasi ya mvinyo wa kisiwa cha Madeira, wa zabibu aina ya Terrantez, uliovunwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa.

Si kwamba naidharau Romanée-Conti. Shamba lake, lililoko kijiji cha Vosne-Romanée katika jimbo la Burgundy nchini Ufaransa, lina hekta 1.8 tu, yaani eka nne na nusu hivi, na chupa elfu tano au sita zinazotoka humo kwa mwaka hugombaniwa na matajiri wa dunia nzima. Mwaka 1945 mizabibu ya shamba hilo ilikuwa imechoka kiasi kwamba mavuno yake yalitoa chupa 600 pekee. Baadaye iling'olewa, ikapandwa mipya, na mvinyo wenye jina hilo haukuonekana tena hadi ule wa mavuno ya 1952. Chupa moja ya 1945 iliuzwa mnadani New York mnamo Oktoba 2018 kwa dola 558,000. Niliwahi kujaribu kuigawa bei hiyo kwa idadi ya mafunda yaliyomo katika chupa, nikaiweka kalamu chini.

Hata ningekuwa na fedha hizo, ningekunywa kwa wasiwasi. Mnamo Aprili 2008, katika mnada mwingine mjini humo humo, zilikuwa zinadiwe chupa za Clos Saint-Denis, shamba jingine la Burgundy, za familia ya Ponsot zilizoandikwa kwamba ni za mavuno ya kuanzia 1945 hadi 1971, ilhali familia hiyo ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba hilo katika miaka ya 1980. Laurent Ponsot mwenyewe alisafiri hadi mnadani, na chupa zikaondolewa. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka kumi kwa kughushi mvinyo wa bei ghali. Walaghai huifuata harufu ya fedha, na kadiri chupa inavyopanda bei ndivyo mnywaji anavyolazimika kuichunguza lebo kabla hajaufurahia mvinyo.

Kilichonigeuza hasa, lakini, ni joto. Miaka michache iliyopita nilijinyima na kununua chupa nzuri ya mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, katika duka moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja. Ilikuwa imesimama kwenye rafu iliyotazama dirisha, pengine tangu kaskazi ya mwaka uliotangulia. Nilipoifungua nilikuta kizibo kimesukumwa juu kidogo, na mvinyo wenyewe una ladha ya matunda yaliyochemshwa na kuachwa sufuriani. Anayependa mvinyo katika mwambao wetu huijua huzuni hiyo: mvinyo wa Ulaya umezoea ghala la chini ya ardhi lenye baridi ya nyuzi 12 au 13, nasi tunauweka palepale tunapoanika nguo.

Mvinyo wa Madeira ulipata tabia yake kutokana na adha hiyo hiyo. Kisiwa hicho cha Wareno kimo katika Bahari ya Atlantiki, na zamani meli zilizoelekea Amerika, Afrika na India zilitia nanga huko kupakia mapipa. Mvinyo uliongezewa pombe kali ya zabibu ili uweze kustahimili safari, ukafungiwa katika tumbo la meli, ukapikwa na joto la tropiki wiki baada ya wiki. Mapipa yaliyorudi bila kuuzwa yalionjwa, ikabainika kwamba mvinyo umekuwa bora kuliko ulivyoondoka. Ikafika wakati watu wakawa wanayapeleka mapipa India na kuyarudisha makusudi, na mvinyo huo wakauita *vinho da roda*, yaani mvinyo wa mzunguko. Hunifurahisha kufikiri kwamba baadhi ya ladha hiyo ilipikwa katika bahari hii yetu ya Hindi.

Siku hizi hakuna haja ya meli. Mvinyo wa bei nafuu hupashwa joto katika matangi kwa miezi isiyopungua mitatu, ila ule ulio bora huwekwa katika mapipa kwenye vyumba vya juu, karibu na paa, ambako jua huufanyia kazi polepole. Ukitajwa kwa mwaka wa mavuno na aina ya zabibu, na kuitwa *frasqueira*, lazima uwe umekaa katika mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua 20, na mingine hukaa mara mbili au tatu ya hapo.

Kuhusu Terrantez, Wareno wana msemo kwamba zabibu hizo usizile wala usimpe mtu, kwa kuwa Mungu aliziumba ziwe mvinyo. Ugonjwa wa ukungu wa mizabibu ulioingia kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1850, ukafuatwa na mdudu wa filoksera miaka ishirini baadaye, ulikaribia kuifuta mizabibu hiyo, na hadi leo ni michache mno. Wanaoujua mvinyo wake husema huanza na utamu, ukapita uchachu mkali kama wa ndimu, kisha ukaishia na uchungu mwembamba unaobaki ulimini kwa muda mrefu. Uchungu huo ndio ninaoutaka, kwa sababu utamu nimeushiba.

Tena ndoto hii inabebeka. Nyumba za mvinyo mjini Funchal, mji mkuu wa Madeira, humimina mivinyo ya zamani kwa glasi, kwa hiyo anayefika huko halazimiki kununua chupa nzima. Nasi tusioweza kusafiri tumeanza kuchangishana, watu saba, chupa moja. Kwa kuwa mvinyo huu umekwishapitia hewa na joto vya kutosha, hauharibiki upesi ukifunguliwa. Chupa hudumu kwa miezi mingi. Tumekubaliana kwamba itakaa kwangu, juu ya kabati la jikoni, na kila mmoja atakuja kuchukua glasi yake siku atakayopenda.