Kabla ya Mvita palikuwa na Mombasa ya Kati

Ahsante kwa makala yako kuhusu wabunge wa Mvita, jimbo la Mombasa, ila umeanza hesabu 1988 kana kwamba kabla yake hapakuwa na jimbo. Palikuwa na Mombasa ya Kati, na Shariff Nassir aliingia bungeni kwa jimbo hilo mwaka 1974. Mwaka 2002 Najib Balala akakichukua kiti cha Mvita kwa tiketi ya muungano wa NARC. 2013 akakipata Abdulswamad, mwanawe Nassir.

Na mlolongo wa 1988, ule uteuzi wa wagombea wa chama tawala cha KANU kwa kupanga foleni badala ya kura ya siri, usiupitie kwa mstari mmoja! Nilikuwa mtoto, marehemu baba kanishika mkono pale Majengo, jua la utosi, watu wamejipanga nyuma ya picha za wagombea. Kila mtu alimwona jirani yake kasimama wapi. Mtaani kwetu wako walioacha kuamkiana. Waulizeni wazee hayo wangali hai.