Mgambo wa vita vya Kagera wapewe siku yao

Wiki iliyopita nilikaa stendi na baba mkubwa, tunasubiri basi la saa tano ambalo lilikuja saa saba. Mbele yetu mgambo wanne wakamvamia dada mmoja muuza karanga. Ungo ukaruka juu, karanga zikamwagika hadi mtaroni. Watu wakaanza kupiga kelele: "Mgambo hao! Hawana utu hata kidogo!" Baba mkubwa hakutia neno. Tulipokwisha kukaa ndani ya basi ndipo akasema, kama anayeongea na dirisha: "Na mimi nilikuwa mgambo, mwanangu."

Ukoo mzima unajua kwamba alikuwa mgambo. Ila sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayeungama kosa.

Basi tangu siku ile nina hasira, na si ya karanga peke yake.

Idi Amin wa Uganda alipovamia Oktoba 1978 akajitangazia kwamba mpaka sasa ni Mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa, tulikuwa na jeshi dogo. Mwalimu Nyerere akasimama ukumbi wa Diamond Jubilee tarehe 2 Novemba, akasema yale maneno kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, ambayo siku hizi hata mgombea udiwani anayaazima. Sawa. Lakini uwezo wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka polisi, ulitoka magereza, ulitoka JKT, na sehemu kubwa ulitoka vijijini. Waliofuatilia vita ile wanakadiria kwamba mgambo walioingia jeshini walifika kama 40,000. Arobaini elfu! Hao ni wakulima, walimu, makarani na watu wa mashine za kusaga.

Baba mkubwa alikuwa karani wa mizani, anapima pamba ya kijiji. Mafunzo yake ni yale yaliyokuja baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971: kwata jioni uwanja wa shule, bunduki ya mti begani, kutambaa kwenye vumbi huku watoto wakicheka. Miezi michache baada ya kuacha mizani yake alikuwa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, ndani ya Uganda, anakwenda Masaka. Anakwenda kwa miguu, tuelewane. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, anasema, alichotamani ni kuvua viatu tu.

Majenerali walirudi na majina. Mayunga akawa "Mti Mkavu", Walden akawa "Black Mamba", Musuguri anajulikana mpaka kesho. Wanastahili, sibishi. Baba mkubwa alirudi na mkanda. Mkanda wa turubai, kijani yake imefifia ikawa rangi ya udongo, chuma chake cha kufungia kimeliwa na kutu upande mmoja. Anafungia majani ya ng'ombe kwenye keria ya baiskeli. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na nadhani yeye ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye hajaufungua wa kwake.

Sasa najua mtaniambia: Siku ya Mashujaa ipo, Julai 25, inawahusu wote. Nakubali, kwa shingo upande. Kila mwaka naitazama kwenye televisheni. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee wa wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Inanigusa kweli. Lakini siku ya wote ina tabia moja: mwenye sare anaonekana, asiye na sare anachukuliwa kuwa "na wengineo". Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wenyewe angalau waliachiwa mtaa. Kariakoo ni wao, Carrier Corps, hata kama sisi tunaijua kwa vitenge na vifaa vya simu. Mgambo wa Kagera hawakuachiwa hata kichochoro. Walichokuwa nacho ni neno lao, na hilo nalo tumeligeuza tusi.

Hapo ndipo panaponiuma. Kwa wazee mgambo ulikuwa wito. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, unatua jembe, unakwenda. Leo ukimwambia kijana wa mjini "mgambo" anaficha mzigo. Serikali yenyewe imeliona, ndiyo maana kwenye hotuba utasikia "Jeshi la Akiba". Akiba haiozi, wanasema. Hii yetu imewekwa stoo tangu 1979 na hakuna aliyekwenda kuiangalia.

Mimi napendekeza tarehe 2 Novemba, siku mbiu ilipolia. Ya ushindi wameshaisherehekea wakubwa. Isiwe ya mapumziko, maana nasikia mnavyolalamika kwamba sikukuu zimezidi. Gharama yake ni viti na maji ya kunywa. Na ndiyo, wapo walioandikwa majina na viongozi wa kijiji bila kuulizwa, siwezi kuapa kwamba kila mmoja alijitolea kwa moyo mweupe. Lakini risasi za upande wa pili hazikuwa zinauliza nani amejitolea.

Kila wilaya ina mshauri wa mgambo. Asimame asome majina ya walioondoka pale, waliorudi na wasiorudi, mbele ya wajukuu zao. Halafu nataka mgambo wa sasa wapangwe mstari, wale wanne wa stendi wakiwemo, na wazee wapite kuwakagua mmoja mmoja, taratibu, kwa fimbo zao. Nataka yule kijana aliyepiga teke ungo amtazame baba mkubwa usoni ajue amevaa jina la nani.

Jana nilimpigia simu nikamwuliza: baba, wakiwawekea siku, utakwenda? Akanyamaza kidogo, nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Ni mbali?" akauliza. "Maana mimi kutembea nilishamaliza."

Nikamwambia nitampeleka kwa gari. Akasema basi nimjulishe mapema, aoshe mkanda.