Mashine tumezipokea, nani atasoma kinyama cha uvimbe?

Hapa Seattle, kila ukitangazwa ushirikiano wa hospitali za Marekani na za Afrika, group letu hujaa picha: mashine mpya, utepe mwekundu, waziri na mkasi. Mimi huuliza swali linalowaudhi wenzangu: ikiharibika, fundi yuko wapi?

Sisi wa Bukoba, Kampala ni jirani kuliko Dar, kwa hiyo la hospitali ya Mulago tunalikumbuka. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani, ya tangu 1995, pekee kwa Uganda nzima, ilikufa kabisa mwaka 2016. Wapo waliopelekwa Nairobi. Waliobaki walingoja mashine mpya zaidi ya mwaka.

Lakini Kampala hiyohiyo ndiyo inayonipa moyo. Dkt. Jackson Orem aliporudi nyumbani mwaka 2004 alikuwa daktari bingwa wa saratani peke yake nchi nzima. Taasisi yake ya saratani pale Mulago ikashirikiana na Fred Hutch, kituo cha saratani cha hapahapa Seattle, na jengo lao la pamoja lilifunguliwa 2015. Kilichonivutia ni kwamba walianza na watu: madaktari wa Uganda walikuja kusomea huku, wakarudi kazini kwao. Wala tusidhani Wamarekani wanatoa tu. Ule uvimbe wa saratani wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda umewafundisha mengi madaktari wa dunia nzima.

Mama yangu mkubwa alipata uvimbe kwenye titi. Alikatwa kipande kidogo cha uvimbe, ndicho hicho kinyama, kikapelekwa maabara ya mbali kupimwa kama ni saratani, na majibu yakachelewa mno. Kila tukipiga simu tunaambiwa bado. Huku nyuma majirani wanashauri mizizi, shangazi anashauri maombi, na uvimbe haukungoja mtu. Majibu yalipofika ulikuwa umeshapasuka. Mashine ya mionzi, hata ingekuwa mpya namna gani, ingemkuta amechelewa.

Mwenzangu wa kazini hapa alipata uvimbe kama huo. Picha, kinyama, majibu kwenye simu, yote ndani ya siku chache. Kisha ikaja bili, na bima anayo! Alilia kwa ile bili kuliko alivyolilia ugonjwa. Na kwenye kemo, yaani dawa za kuua saratani, alikuwa akienda kwa teksi, peke yake. Mama mkubwa hakukosa mtu wa kumshika mkono hata siku moja. Uji ulikuwa unafika wodini kabla hajauomba.

Kwa hiyo ningepewa nafasi ya kuwashauri wafadhili, ningewaambia waanzie maabara. Kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kituo cha saratani kilipofunguliwa 2012 kwa msaada wa shirika la Partners In Health na Dana-Farber, kituo cha saratani cha Boston, Marekani, vinyama vilikuwa vinasafirishwa hadi Boston kusomwa. Baadaye wakajenga maabara yao wenyewe. Ndivyo ninavyotaka iwe: mgeni anakufanyia leo huku anakufundisha, kesho unafanya mwenyewe. Maabara haipendezi kwenye picha, najua.

Chama chetu hapa sasa kinachangisha kontena la vitanda vya hospitali. Nimependekeza fedha hizo zimsomeshe kijana mmoja wa maabara, ada na posho, mpaka amalize. Wanaoniunga mkono ni wachache, na mmoja wao ni mke wangu.