Maiki mpeni, ila msimuachie

Jumatatu asubuhi nilikuwa saluni nanyolewa, redio ya hapa mjini iko juu kama kawaida, na studio yuko mheshimiwa mbunge wetu. Swali la kwanza la mtangazaji nalikumbuka vizuri maana nilimwambia kinyozi azime mashine kidogo nisikie: "Mheshimiwa, kwanza hongera kwa kazi kubwa, siri ya mafanikio yako ni nini?"

Siri ya mafanikio! Yani bomba mtaani kwetu lina wiki ya pili halijatoa hata tone, kinyozi wangu ana ndoo mbili kanunua kwa jamaa wa mkokoteni na ndo hizo za kutwa nzima, afu kuna mtu kaamka saa kumi na moja alfajiri, kaoga (sijui kwa maji gani), kaenda kazini kuuliza siri ya mafanikio. Kinyozi kaiangalia redio weee, akanigeukia, "Kaka, hivi huyu anaongelea jimbo gani?"

Dakika hamsini. Simu zikafunguliwa zikaingia nne. Wa kwanza hana swali ana pongezi. Wa pili hana swali ana pongezi na ombi kwamba mheshimiwa asije akatuacha. Wa tatu anamsalimia tu, katokea kijijini kwao mheshimiwa. Wa nne akaanza vizuri kabisa, "mimi naulizia haya maji hapa...", mtandao ukasumbua. Mtandao wa mji huu una akili nyie, unajua nani wa kumkata na nani wa kumuacha amalize. Mimi mwenyewe nilipiga mara 11, namba inatumika.

Nikalipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp, wengi wakasema dawa ni moja, wanasiasa wasiingizwe redioni kabisa, redio ibaki na mpira, muziki na matangazo ya vifo. Hapo ndo nikakataa, na ndo sababu naandika huu uzi mrefu.

Ukimfungia mlango mwanasiasa unadhani umemkomoa nani? Mbunge ana gari, ana misiba ya kwenda kutoa rambirambi, ana jezi na mipira ya kugawa, ana wapambe. Sauti yake itafika tu. Atakayepotea ni yule wa upinzani, au hata wa chama hichohicho aliyeshindwa kura za maoni, ambaye redio ndo sehemu pekee anaweza kuongea bila kuomba gari la matangazo. Tumesahau? Hapa Tanzania kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ya hadhara ya siasa ilipigwa stop, na mwaka huohuo wa 2016 Bunge laivu nalo likaondolewa TBC, televisheni ya taifa, tukabakishiwa vipande vya usiku. Miaka yote hiyo mkuu wa wilaya alikuwa anafanya "ziara" na kuhutubia hadi kwenye kisima. Kwaiyo hili la kuwafungia wote kwa pamoja mimi silitaki, kwa sababu hawatafungwa wote.

Ila maiki bila swali ni tangazo, na tangazo lina bei na lina jina lake. Duka la vifaa vya ujenzi likitaka dakika moja linalipia na kila mtu anajua ni tangazo. Mheshimiwa anakaa dakika hamsini tunaambiwa ni "mahojiano maalum". Maalum kwa nani?

Afu msiniambie maswali magumu yanahitaji mtu aliyesoma sana. Chukua Mfuko wa Jimbo. Upo kwa sheria tangu 2009, hela inatoka serikalini inakuja jimboni kwa ajili ya miradi ya wananchi, na mwenyekiti wa kamati yake ni nani? Ni huyohuyo mbunge aliyekaa mbele yako ananyonya juisi ya studio! Swali ni sentensi moja tu: mheshimiwa, mwaka jana mfuko wa jimbo uliingia shilingi ngapi na zilienda kata zipi? Basi. Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu, watangazaji wetu kwenye ukimya ni waoga kama kunguru, mheshimiwa akisita sekunde mbili tu wao wanamsaidia kujibu.

Au ile ya "hilo ni suala la halmashauri". Hii inaniudhi kuliko zote. Kila ukimgusa kuhusu soko, stendi, mikopo ya vijana na kinamama ya ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, anasema hilo waulizeni halmashauri, na mtangazaji anaitikia "naaam" anaenda kwenye wimbo. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani! Anakaa kwenye kikao kilekile, bajeti inapita mbele yake. Mtangazaji angejua hilo moja tu, asubuhi nzima ingebadilika. "Mheshimiwa, wewe si ni mjumbe wa hilo baraza, kikao cha mwisho ulisemaje?" Na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka kila mwaka, ipo mtandaoni, bure, halmashauri zinatajwa kwa majina. Hakuna anayeisoma, kila mtu yuko bize kutafuta jingo la kumkaribishia mheshimiwa.

Naongea hivi kwa sababu nimeyaona ndani. Miaka hiyo nikiwa chuo nilienda field kwenye kituo kimoja, sikitaji, hakuna haja. Siku moja kaja msaidizi wa mwanasiasa fulani, kijana mpole sana, kaleta karatasi imechapwa vizuri: maswali nane na chini ya kila swali jibu. Nikajua ni za mheshimiwa kujikumbushia, kumbe nakala ya pili ni yetu. Bosi akanipa mimi nisome, sauti yangu ilikuwa changa nadhani alijua ningesikika mkweli. Nikasoma yote nane. Baada ya kipindi nikapewa elfu kumi "ya nauli", nami nilikuwa naishi geti la pili kutoka kituoni, natembea kwa miguu. Niliipokea. Nilinunua chipsi mayai na vocha. Kwaiyo nikiwaita watu chawa, yani wapambe wa kusifia wakubwa, najua nazungumzia nini, nimewahi kuwa, hata kama kwa siku moja.

Na sawa, nikubali, hali za hawa watangazaji ni mbaya. Wengi hawana mkataba, wengine miezi mitatu hawajalipwa, matangazo makubwa ya kituo yanatoka halmashauri na kwa wafanyabiashara walewale marafiki wa mheshimiwa. Ukiuliza swali Jumatatu, Jumanne tangazo halipo. Nalijua hilo. Ila basi mseme, anzeni kipindi kwa kusema "kipindi hiki kimelipiwa na ofisi ya mbunge", mimi nitawaheshimu na nitaendelea kunyolewa kwa amani.

Wapo pia wanaosema fungueni maiki kwa kila mtu aseme atakalo, wananchi watachuja wenyewe. Hao waulizeni Wakenya redio za lugha za makabila zilikuwa zinarusha chuki gani kipindi cha uchaguzi wa 2007. Sitaki hata kurefusha.

Tena tukiwa kwa Wakenya, mdahalo wao wa urais: 2017 Uhuru hakutokea, Raila akasimama peke yake. 2022 Raila naye akagoma, Ruto akabaki peke yake na waandishi wakimuuliza. Ni vituko, ndio, ila angalieni: aliyekuja alihojiwa na asiyekuja nchi nzima ilijua hakuja. Sisi mdahalo wa maana wa urais nauhesabu ule wa 1995, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, wote wanne. 2010 chama tawala kikasema wagombea wake hawaendi midahaloni, na tukasema aya. Tuliitikia haraka mno. Redio zingesoma maswali yote hewani na kila swali zikaacha sekunde kumi za kimya, tungeona kama wangekataa tena.

Basi, kipindi kilipoisha mtangazaji akatangaza mheshimiwa anarudi tena Jumatatu ijayo "kwa maombi ya wasikilizaji". Kinyozi akacheka mpaka akanikata kidogo juu ya sikio. Tumekubaliana hivi: swali la mfuko wa jimbo nimeliandika kwenye boksi la nyembe, limebandikwa pale kwenye kioo, yeye ana laini tatu mimi mbili, na tukipata tu hewani tunaanza na pongezi.