Nipingeni kwa Nguvu Zote

Mhadhiri wetu wa stadi za mawasiliano, katika chuo kimoja cha hapa Dodoma, alikuwa na kalamu nyekundu isiyoishiwa wino. Insha yangu ilihusu zabibu, zao ambalo mtoto wa Mvumi kama mimi hahitaji maktaba ili alijue, kwa hiyo nilijihesabia alama kabla sijaandika neno. Hoja yangu kuu ya kwanza ilisema: "Katika insha hii nitazungumzia kilimo cha zabibu Dodoma." Akaandika pembeni: "Hili ni tangazo." Ya pili ilieleza kwamba mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Akaandika: "Ni kweli. Nani atabishana nawe?" Ya tatu, niliyoiandika kwa hasira, ilidai kwamba zabibu ni zao zuri sana, nayo ilirudi na alama moja tu ya kuuliza, kubwa kama ndoana ya wavuvi wa Hombolo.

Nilimfuata ofisini. Akanieleza kwa upole kwamba hoja kuu ni dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa, likiambatana na sababu ambayo insha nzima itahangaika kuithibitisha. "Itafutie mpinzani," alisema. "Ikimkosa, itupe."

Usiku ule nilikaa na daftari mpaka jogoo wa jirani, ambaye hana saa maalumu, akawika. Hatimaye niliandika: "Mzabibu umemfukarisha mkulima wa Dodoma kuliko mtama, kwa sababu mtama hukaa ghalani ukingojea bei, ilhali zabibu ikishakatwa haingoji mtu." Niliisoma kwa sauti mara tatu. Ilikuwa na dai, ilikuwa na sababu, na ilikuwa na meno. Nikaifungua simu ili niitume kwa wenzangu wa kundi la masomo, nikamalizia kwa maneno haya: "Jamani, nipingeni kwa nguvu zote, msinionee haya." Ujumbe ukaenda, bando likakata palepale, nami nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Asubuhi nilipoweka bando jipya, simu ilitetemeka hadi ikaanguka kutoka mezani. Kundi la masomo lilikuwa kimya kabisa. Nilikuwa nimetuma kwenye kundi la ukoo.

Sharti nifafanue kwamba baba mdogo analima zabibu, na ada yangu ya muhula ule ilitokana na mavuno yake ya mwezi wa nane. Yaani aliyeitwa fukara ndiye aliyeinunua kalamu iliyomwita fukara. Ndugu zangu walikuwa wameyafuata maagizo yangu barabara, kwani walinipinga kwa nguvu zote na haya hawakunionea. Binamu aliuliza ni nani aliyenituma. Babu, ambaye kwa kawaida hutuma picha za maua na salamu za Jumapili tu, alirekodi sauti ya dakika nne, mbili zikiwa za kukohoa. Baba mdogo aliandika sentensi moja: "Jumamosi uje shambani, na huo mtama wako uje nao."

Jumamosi nikaenda. Nilitoa salamu kwa Kigogo, kwa unyenyekevu wote nilio nao, nikaitikiwa na shangazi peke yake. Baba mdogo alikuwa chini ya mwembe, daftari la hesabu magotini, akaanza kunisomea: nguzo, waya, dawa ya ukungu, maji, vibarua wa kupogoa, kisha mauzo. "Sasa nionyeshe mtama uliowahi kumlipia mtu chuo," alisema.

Nami, kwa ujinga wa mtu aliyefundishwa jambo jipya, nikajibu: "Baba, huo ni ushahidi mzuri sana. Naomba niupige picha."

Shangazi ndiye aliyeniokoa. "Mtoto amekosa adabu, lakini hesabu hajakosea," alimwambia kaka yake. "Umesahau mwaka ule lori lilipochelewa siku tatu, nyuki wakatuhamisha nyumba, na mnunuzi alipofika akataja bei yake huku akichokoa meno?" Hapo mimi nilisahaulika kabisa. Walibishana muda mrefu, shangazi akikumbusha kreti zilizomwagwa, kaka yake akitaja mabati ya nyumba na ng'ombe wawili, mpaka baba mdogo akasimama akapaza sauti: "Mzabibu haujanifukarisha! Kinachonifukarisha ni kuuza tunda lisiloweza kungoja kwa mtu anayeweza kungoja!"

Nilimwomba arudie polepole. Mimi nilikuwa nimeushtaki mti, wakati mwenye kesi ni soko. Alirudia mara mbili, mara ya pili akiniimlia hadi mahali pa kuweka nukta, kisha akanikabidhi mkasi wa kupogolea na kunionyesha mistari miwili ya mizabibu, mirefu kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika.

Mhadhiri aliandika pembeni: "Sasa hii ndiyo hoja. Umeitoa wapi?"

Tatizo ni kwamba baba mdogo amenogewa. Siku hizi kila Jumapili jioni hutuma dai jipya kwenye kundi la ukoo, likiwa na sababu yake kamili. La majuzi lilisema: "Dada yetu hajui kupika mlenda, kwa sababu huuzidishia magadi ili kuficha uvivu wa kuukoroga. Nipingeni kwa nguvu zote." Shangazi amekwisha kujitoa kwenye kundi mara mbili, na mara zote mbili niliyetumwa kwenda kumbembeleza ni mimi.