Paulo alisema nini, na yule mama afanye nini na kijana wake

Jumatano kwa kikundi chetu cha Biblia hapa Umoja tulianza na Warumi 1, tukatoka saa nne usiku watu wamenuniana, juu mama mmoja aliuliza kijana wake akimwambia yeye ni shoga amfukuze ama akae naye. Kila mtu alikuwa na mstari wake. Wacha niseme vile mimi naona.

Sodoma tuiache kando. Mwanzo 19 ni wanaume wa mji wanataka kubaka wageni, na Ezekieli 16:49 anataja dhambi ya Sodoma kuwa kiburi, shibe na kutosaidia maskini. Mstari wa 50 unaongeza machukizo, sawa, lakini huwezi chukua kisa cha ubakaji ukahukumia watu wazima wawili waliokubaliana.

Mambo ya Walawi ndiyo ngumu. Wanaotetea mashoga wanasema hiyo ni sheria ya Waisraeli, mbona tunakula nguruwe na tunavaa nguo za nyuzi mbili na 19:19 inakataza? Ni swali la haki lakini haifiki mbali, kwa sababu sura ya 18 inayokataza mwanaume kulala na mwanaume ndiyo inakataza pia kulala na mamako, na sijaona Mkristo akisema hiyo iliisha msalabani.

Sasa Paulo. 1 Wakorintho 6:9 kwa Biblia yetu ya Union imeandikwa "wafiraji" na "walawiti", kwa Kigiriki ni malakoi na arsenokoitai. Malakoi ni "laini" tu, neno hilo hilo ndilo Mathayo 11:8 imelitafsiri "mavazi mororo", ndio maana wasomi bado wanabishana. Wanaotetea wanasema Paulo alikuwa anaangalia mambo ya Warumi, bwana na mtumwa wake, mzee na kijana mdogo, si wawili wanaoishi pamoja kwa uaminifu. Hii hoja naiheshimu, ndiyo nzito kuliko zote wanazo. Lakini arsenokoitai imeshonwa na maneno mawili, arsenos (mwanaume) na koiten (kitanda, yaani kulala), ambayo yamekaa pamoja kwa Walawi 20:13 katika tafsiri ya zamani ya Kigiriki, mstari unaokataza jambo hilo hilo, na Warumi 1:27 inasema "wakawakiana tamaa", yaani wote wawili wanataka, hapo hakuna mtumwa wa kulazimishwa. Kwa maandishi naona upande wa zamani, ule unaosema ni dhambi, una nguvu zaidi, na sitajifanya sioni.

Lakini wenzangu wa upande huo wanasimama hapo, na barua haisimami hapo. Warumi 2:1 inamgeukia anayehukumu palepale. Orodha ya Wakorintho inaendelea na walevi, watukanaji na wanyang'anyi, na hao tunakaa nao, wengine tunawapa maikrofoni siku ya harambee. Halafu kuna jela: kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinatoa hadi miaka 14 kwa jambo hili, na Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikataa kukifuta mwaka 2019, watu wakapiga makofi kanisani, ilhali Paulo kwa 1 Wakorintho 5:12 anauliza yeye yanamhusu nini kuhukumu walio nje.

Yule mama alikuwa amesomewa 1 Timotheo 1:10, neno ni lile lile, arsenokoitai. Nikamwambia afungue mbele kidogo, barua hiyo hiyo, 5:8: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Akausoma mara mbili, akaweka kalamu hapo.